Kasigau 1915: Kijiji Kizima Kulipa kwa Habari Moja



Tukisikia vita vya 1914 hadi 1918, mawazo yetu hukimbilia Ulaya. Hebu leo tushuke Voi, tushike njia mpaka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Hapa wazee na watoto waliadhibiwa kwa habari waliyodaiwa kupeleka kwa siri.

Agosti 1914 Wajerumani, waliokuwa wakitawala Tanganyika, waliingia Taveta. Shabaha yao ilikuwa reli ya Mombasa kwenda Nairobi, inayopita Voi. Vikosi vyao vidogo vilivuka nyika kwenda kutega baruti relini. Na nyika ile, ndugu yangu, ni kavu. Ajuaye maji yaliko ndiye mwenye nguvu. Kasigau ina maji yatokayo mlimani, na Waingereza waliweka kambi hapo.

Agosti 1915 Wajerumani wakaivamia kambi hiyo, wakaiteka. Basi Waingereza wakauliza: nani kawaonyesha njia? Lawama ikawaangukia Wataita wa Kasigau, kwamba wao ndio waliompa adui habari. Hakuadhibiwa mtu mmoja, iliadhibiwa jamii nzima. Vijiji vilichomwa, watu wakahamishwa kwa nguvu mpaka Malindi. Huko watu wa mlimani walikutana na malaria na njaa, wengi wakafa. Vita vikaisha, lakini hawakurudishwa kwao moja kwa moja. Waliruhusiwa kurudi Kasigau miaka ya 1930.

Sasa fikiri. Tuseme kweli alikuwako mtu, pengine mtoto mchunga mbuzi, aliyeamrishwa na askari mwenye bunduki aonyeshe maji. Angekataaje? Na yule mchanga aliyebebwa mgongoni kwenda Malindi, yeye alipeleka habari gani?

Surat Al-Hujurat inatufunza tuihakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Mwaka 1915 habari ilihitaji miguu ya mtu porini. Leo meseji moja ya simu yatosha kuwatia kabila zima au mtaa mzima hatiani. Kabla hujaituma, jiulize ni nani atakayelipa.

Nanyi vijana wa Taita, waketini wazee wenu, waulizeni walichosimuliwa na wazazi wao kuhusu Malindi, mkiandike. Kisichoandikwa hupotea na wenyewe.