Mtumwa kwa Maumbile: Dhana Moja kutoka kwa Aristotle hadi kwa Wanasheria wa Kirumi

Katika kitabu cha kwanza cha Siasa, Aristotle anadai kwamba wako watu walio watumwa kwa maumbile yao. Mara nyingi dai hili huelezwa kana kwamba lilikuwa rai ya Wagiriki wote. Sivyo. Aristotle mwenyewe anawataja watu walioshikilia kwamba utumwa ni zao la desturi na mabavu, na kwamba kimaumbile bwana na mtumwa hawatofautiani. Alcidamas, mwanafunzi wa Gorgias, huhesabiwa miongoni mwa wenye msimamo wa namna hiyo. Kwa hiyo andiko la Aristotle lisomwe kama jibu.

Mjadala huo ulizunguka maneno mawili: physis, lenye mzizi wa kuota na kukua, na nomos, yaani desturi au sheria iliyowekwa na watu. Hapa mtafiti anayeandika kwa Kiswahili hukwama. ‘Maumbile’ hutokana na kuumba, hivyo huashiria muumbaji. ‘Asili’ huelekeza kwenye chanzo. Nalo ‘tabia’, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lililotumiwa kufasiri physis, kwetu limebaki na maana ya mwenendo, ukiacha ‘tabianchi’. Nimetumia ‘maumbile’ bila kuridhika nalo.

Udhaifu wa hoja ya Aristotle umo ndani yake. Anakiri kwamba maumbile hukusudia kuitofautisha miili ya watumwa na ya watu huru, lakini mara nyingi hutokea kinyume. Ikiwa ishara haionekani, mtumwa wa kweli atatambuliwaje? Sokoni mateka wa vita aliuzwa bila kuulizwa maumbile yake. Wasia wa Aristotle, uliohifadhiwa na Diogenes Laertius, uliagiza baadhi ya watumwa wake waachwe huru. Hata hivyo sioni kuwa ni ushahidi wa kubadili rai, kwani katika Siasa pia alishauri uhuru uwe tuzo kwa watumwa.

Wanasheria wa Kirumi waliligeuza suala lenyewe. Katika Digesta, iliyotangazwa na Justinian mwaka 533 B.K., Florentinus anaueleza utumwa kuwa utaratibu wa sheria ya mataifa unaomweka mtu chini ya miliki ya mwingine kinyume cha maumbile. Ulpian naye anasema kwamba kwa sheria ya maumbile wote huzaliwa huru. Kauli hizo hazikumfungua mtumwa yeyote: zimo katika mkusanyo uleule wenye kanuni za kumtesa mtumwa ili atoe ushahidi.