Nicodemus: Mji wa Watu Weusi Katika Nyanda za Kansas

Kuenea kwa Marekani kuelekea magharibi katika karne ya 19 huandikwa zaidi kama habari za Wazungu na magari yao ya kukokotwa na maksai, kiasi kwamba Nicodemus, mji mdogo ulioko kaskazini-magharibi mwa Kansas karibu na Mto Solomon, hutajwa kwa nadra, ingawa ulianzishwa mwaka 1877 na watu ambao miaka 12 tu kabla ya hapo walikuwa wangali watumwa kisheria. Waliounda kampuni ya mji huo walikuwa Weusi, akiwemo mchungaji Simon Roundtree, pamoja na Mzungu mmoja, W. R. Hill, mfanyabiashara wa ardhi, ambaye alizunguka makanisani huko Kentucky akiisifia ardhi ya Kansas kupita kiasi.

Kilichowavuta wasikilizaji wake kilikuwa Sheria ya Makazi ya mwaka 1862, ambayo ilimruhusu mkuu wa familia kujiandikishia ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo na kumilikishwa baada ya kuishi na kulima hapo kwa miaka mitano. Sheria hiyo ilitoa ardhi lakini haikutoa plau, mbegu wala mnyama wa kulimia, na ardhi yenyewe ilipatikana kwa sababu wenyeji wake, Wakansa, Wapawnee na wengineo, walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mamia ya watu waliosafiri kutoka Kentucky mwezi Septemba 1877 walishuka treni katika kituo cha Ellis, kisha wakatembea kilomita zipatazo 55 hadi mahali pasipo na miti wala nyumba. Baadhi yao waligeuka na kurudi. Willianna Hickman, mke wa mchungaji aliyefika mwaka uliofuata, alisimulia baadaye kwamba alipouliza mji uko wapi alionyeshwa moshi uliokuwa ukitoka ardhini, naye akaanza kulia. Watu walikuwa wakiishi katika mashimo waliyoyachimba kwenye kingo na miinuko, yenye paa la matawi na udongo.

Majira ya baridi ya kwanza yaliwakuta hawana akiba, na miongoni mwa waliowaokoa walikuwa wawindaji wa kabila la Waosage, waliopita hapo wakirejea kutoka mawindoni na kuwagawia nyama. Waosage hao walikuwa wamehamishwa kutoka Kansas miaka michache tu kabla, ili ardhi yao igawiwe walowezi, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba magharibi ilikuwa nchi tupu.

Katika miaka ya 1880 mji ulisimama kweli: makanisa, shule, hoteli, maduka, na kufikia mwaka 1887 magazeti mawili. Edward McCabe, aliyehamia hapo mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, cheo ambacho ilikuwa nadra kwa Mmarekani Mweusi wa zama hizo kukipata nje ya Kusini. Hata hivyo uhai wa mji wowote wa nyanda hizo ulitegemea reli, kwa kuwa mkulima asiye na kituo cha treni karibu alipoteza faida yake yote katika usafirishaji wa nafaka. Wakazi walipiga kura mwaka 1887 kutoa hatifungani, yaani ahadi ya mkopo wa umma, za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific, nayo haikuja. Mwaka 1888 kampuni ya Union Pacific ikapitisha njia yake ng'ambo ya mto, kilomita chache kusini-magharibi, na kambi ya wajenzi wake ikawa mji wa Bogue, ambako wafanyabiashara wengi wa Nicodemus walihamishia maduka yao. Walibaki hasa wakulima. Ukame wa miaka ya 1930 ulipunguza hata hao, na posta ilifungwa mwaka 1953, ingawa wazao wao hurudi kila mwaka kuadhimisha uhuru kutoka utumwani na tangu 1996 eneo hilo ni hifadhi ya taifa ya kihistoria.

McCabe mwenyewe alikwenda Oklahoma, akashiriki kuanzisha mji mwingine wa Weusi, Langston, mwaka 1890. Oklahoma ilipopata hadhi ya jimbo mwaka 1907 na kutunga sheria ya kuwatenga Weusi katika mabehewa ya treni, yeye na wenzake walizishtaki kampuni za reli, na mwaka 1914 Mahakama Kuu ya Marekani ikawanyima nafuu waliyoiomba.