William Blake na uungu wa binadamu

William Blake (28 Novemba 1757 – 12 Agosti 1827) alikuwa mshairi, mchoraji na mchonga nakshi wa London, Uingereza. Alishikilia kwamba Mungu hakai mbali juu mbinguni bali yumo ndani ya binadamu, na kwamba mtu humfikia kwa ubunifu. Wengine waliosema maneno ya namna hiyo waliyasema mimbarani. Blake aliyasema kwa shaba, wino na tindikali, na ni vigumu kuielewa itikadi yake bila kwanza kuingia karakanani mwake.

Alizaliwa Soho, mtoto wa muuza soksi. Mkewe alisimulia baadaye kwamba Blake alikuwa na miaka 4 Mungu alipomchungulia dirishani, naye akaangua kilio. Miaka michache baadaye alirudi nyumbani kutoka Peckham Rye akidai ameona mti uliojaa malaika. Baba alitaka kumchapa kwa uongo. Mama ndiye aliyemwokoa. Mwaka 1772 akapelekwa uanagenzi wa miaka 7 kwa mchonga nakshi James Basire, ambaye alimtuma kuchora makaburi ya kale ndani ya Westminster Abbey. Kijana aliyezoea kuona malaika mtini akawa anashinda kati ya wafalme wa mawe.

Mwaka 1782 alimwoa Catherine Boucher wa Battersea. Bibi harusi alitia alama ya X kwenye daftari la kanisa kwa kuwa hakujua kuandika. Mumewe akamfundisha kusoma, kuandika, kuchapa na kupaka rangi, hata kurasa kadhaa zinazosifiwa leo kuwa kazi ya Blake zilipita pia mikononi mwa Catherine.

Pigo lililombadilisha lilikuja Februari 1787, mdogo wake Robert alipofariki. Blake, aliyemuuguza, alisema aliiona roho ya nduguye ikipaa huku ikipiga makofi kwa furaha. Alisema pia kwamba ni Robert huyohuyo aliyemjia njozini kumwonyesha namna ya kuchapa maneno na picha kwa pamoja. Msomaji aamini njozi hiyo au asiiamini, mbinu yenyewe ipo. Wachonga nakshi wa wakati ule walichimba mistari ndani ya shaba, wino ukakaa mashimoni. Blake aligeuza kazi. Alichukua bamba la shaba, akaandika na kuchora juu yake kwa brashi na kalamu kwa kimiminika kisichoshikwa na tindikali, tena aliandika kinyumenyume ili chapa itoke sawa. Kisha akamwaga tindikali. Shaba tupu ikaliwa, maandishi yakabaki yameinuka kama mishipa ya mkono wa mzee. Akayapaka wino, akakandamiza karatasi, halafu rangi za maji zikafuata, ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Katika The Marriage of Heaven and Hell, kitabu alichokianza mwaka 1790, aliifanya kazi hiyo kuwa mafundisho: tindikali inakula uso wa nje wa vitu ili kisicho na mwisho, kilichofichika chini yake, kionekane. Ndivyo alivyomwona pia binadamu. Milango mitano ya fahamu ni uso tu.

Mabamba yake ya kwanza ya namna hiyo, ya mwaka 1788, ni madogo mno, kiasi cha kufunikwa na kiganja. Katika All Religions are One, mojawapo ya kazi hizo, alidai kwamba mtu wa kweli ndani ya mtu ni kipaji cha kishairi, na kwamba dini za mataifa yote zimetokana na jinsi kila taifa lilivyokipokea kipaji hicho. Kiswahili kina neno ambalo lingempendeza: kuumba hutumika kwa Mungu, na hutumika vilevile kwa mfinyanzi na chungu chake.

Aprili 1789 yeye na Catherine walihudhuria mkutano wa wafuasi wa Emanuel Swedenborg, Mswidi aliyefundisha kwamba Mungu ana umbo la binadamu. Hawakudumu. Si muda mrefu Blake alikuwa akimkejeli mwalimu huyo kwa maandishi. Mwaka huohuo alichapa Songs of Innocence, kitabu chenye shairi linalosema rehema, huruma, amani na upendo ndivyo Mungu, na ndivyo mtu pia, awe wa dini yoyote. Hakuwa mjinga wa mabaya, hata hivyo. Alichonga shairi la kulijibu hilo, ambamo ukatili nao una moyo wa binadamu, ingawa karibu nakala zote alizouza hazina shairi hilo.

Hapo ndipo kujijua kunapoingia, na ndipo wanaomsifu Blake wanapokosea mara nyingi. Uungu wa mtu kwake haukuwa ruhusa ya kujikweza. Alitenganisha ubinadamu wa kweli na nafsi inayojipenda na kujihesabia haki. Hiyo ya pili aliiita Shetani, na akataka ifishwe. Msomaji anayeyajua mafundisho ya kisufi juu ya nafsi hatapotea hapa. Katika utenzi wake Milton, John Milton, mshairi aliyefariki mwaka 1674, anashuka kutoka mbinguni kuja kuitupa nafsi hiyo na kusahihisha makosa yake, na anamwingia Blake kupitia mguu wa kushoto. Mguu, si kichwa! Ucheshi wa Blake husahaulika upesi.

Maisha ya kawaida hayakumpa nafasi kubwa. Agosti 1803, kijijini Felpham, alimtoa mwanajeshi kwa nguvu kutoka bustanini kwake, akashtakiwa kwa uchochezi. Januari 1804 mahakama ya Chichester ilimwachia huru. Maonyesho yake ya mwaka 1809 yaliambulia tahakiki moja tu gazetini, nayo ilimwita mwendawazimu.

Desemba 1825 mwanasheria Henry Crabb Robinson alimuuliza anauonaje uungu wa Yesu. Blake alijibu kwamba Yesu ndiye Mungu wa pekee, kisha akaongeza kwamba hata yeye Blake ni Mungu, na Robinson pia. Mwanasheria alikwenda nyumbani akayaandika.

Kazi iliyobeba fundisho hilo kwa ukamilifu zaidi ni Jerusalem, mabamba 100, ambayo alihangaika nayo kwa karibu miaka 20. Nakala kamili aliyoipaka rangi ni moja tu, na sasa iko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Aprili 1827 alimwandikia rafiki yake George Cumberland kwamba nakala moja ameimaliza, lakini hadhani atapata mnunuzi. Miezi minne baadaye alifariki, nayo ikabaki kwa Catherine.