Theluji ya Machipuko: Wapi, Lini, na kwa Kichwa cha Nani

Mwaka 1397 wakazi wa bonde la Urseren, nchini Uswisi, waliweka hati ya kulinda msitu ulio juu ya Andermatt usikatwe. Hawakufanya hivyo kwa kupenda miti. Walitaka kulala usingizi. Msitu ule ndio uliokuwa kati ya nyumba zao na theluji ya mlimani. Tangu wakati huo jibu la Waswisi kwa maporomoko ya theluji limekuwa hasa la mahali: hapa pajengwe, pale pasijengwe, kule juu pawekwe vizuizi vya chuma. Mwaka 1936 watafiti walianza kuichunguza theluji yenyewe huko Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos. Mwaka 1945 taarifa za hatari zikaanza kutolewa kwa umma. Na mwaka 1993 nchi za Ulaya zikakubaliana ngazi tano za hatari. UNESCO iliuorodhesha ujuzi huu wa Uswisi na Austria kama urithi mwaka 2018, na sioni wa kubisha.

Ila theluji ya majira ya machipuko haitulii ndani ya ramani. Mchana jua huiyeyusha, maji yakapenya ndani na kulegeza kilichokuwa kimeshikamana. Usiku, anga likiwa wazi, theluji hupoteza joto lake na uso wake huganda, hata kama hewa yenyewe haijafika chini ya sifuri. Wingu likitanda usiku kucha, haigandi, na asubuhi hakuna cha kutegemea. Kwa hiyo mteremko wa nyuzi 35 unaomvumilia mtu alfajiri unaweza kushuka wenyewe saa sita mchana, bila kukanyagwa na yeyote. Nyuso za mashariki hulainika kwanza, kisha za kusini, na za magharibi mwishoni. Mguu ukianza kuzama hadi kifundoni, au vibonge vya theluji vikianza kubingirika vyenyewe, muda umekwisha kupita.

Wanaovuka kwa skii kutoka Chamonix hadi Zermatt wanalijua hilo: huamka gizani, na kabla ya adhuhuri wanataka wawe wamefika kibandani. Maeneo ya Alps ya Tyrol, South Tyrol na Trentino, yanayotoa taarifa moja ya pamoja ya hatari, huchora siku kama hizo ramani mbili, ya asubuhi na ya alasiri. Naona hapo wataalamu wamekiri jambo ambalo waongozaji wa milimani walilijua zamani: namba moja ya hatari kwa siku nzima ni namba ya uongo.

Huko Khumbu, Nepal, kanuni ya saa ni hiyo hiyo. Washerpa, wenyeji wa huko, huvuka maporomoko ya barafu ya chini ya Everest usiku, taa kichwani, kabla jua halijagusa minara ya barafu. (Waliopanda Kibo watakumbuka kuamshwa usiku wa manane, kwa kuwa changarawe iliyoganda hukanyagika vizuri kuliko ile ya mchana.) Lakini kabla ya saa kuna ruhusa. Mlima ni makao ya mungu wa kike Miyolangsangma, na kwa desturi hakuna anayepanda kabla lama, kiongozi wa dini ya Kibuddha, hajafanya ibada ya puja pale kambini, kwa moshi wa mreteni na bendera za sala. Wageni wengine huihesabu puja kama utabiri wa kizamani, kisha wakaicheka kwa kushindwa kutabiri. Wanaipima kwa kazi isiyo yake. Puja haisemi barafu itaanguka lini. Inasema aliyepo pale ni mgeni.

Tarehe 18 Aprili 2014, kama saa moja kasorobo asubuhi, bonge kubwa la barafu lilikatika kwenye bega la magharibi la Everest na kuua watu 16. Puja haikuwa imesahauliwa, na saa ilikuwa ya mapema. Wote waliokufa walikuwa wafanyakazi wa Nepal. Hapo ndipo ulinganisho wa Alps na Khumbu unaponikwama, kwa sababu mwenye skii wa Uswisi hujichagulia hatari yake mwenyewe, Jumapili, kwa furaha yake. Mbebaji wa Khumbu hupita njia ile mara nyingi zaidi ya mteja wake, na mizigo mgongoni. Saa nzuri hupunguza hatari ya safari moja. Haipunguzi idadi ya safari.

Serikali ya Nepal ilitangaza rupia 40,000 kwa kila familia kwa ajili ya mazishi. Washerpa wakakataa kuendelea na msimu. Wapo waliosema ni heshima kwa wafu na kwa mlima, wapo waliodai fidia na bima, na wengi walisema yote mawili kwa pumzi moja. Waandishi wa nje walihangaika kuamua kama ule ulikuwa mgomo au maombolezo, kana kwamba lazima liwe moja.

Mwaka 2015 njia ilihamishiwa katikati ya barafu, mbali na bega lile. Kwa hesabu ya mahali, ilikuwa afadhali. Kwa hesabu ya saa ilikuwa vibaya zaidi, kwa maana njia hiyo ilikuwa ngumu na ilikula muda mrefu, na mbebaji alikaa zaidi ndani ya barafu huku jua likipanda.