Titanic: baridi ndiyo iliyoua

Ukiwauliza watu abiria wa Titanic walikufaje, wengi watakujibu kuwa walizama. Mimi nami niliamini hivyo tangu nilipoangalia ile filamu ya 1997. Kumbe mambo hayakuwa hivyo kwa wengi wao.

Meli ilizama saa 8:20 usiku, Aprili 15, 1912. Bahari ilikuwa shwari, na wengi walioingia majini walikuwa wamevaa maboya. Walielea. Lakini maji yalikuwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Chumvi tu ndiyo iliyoyazuia kuganda.

Hebu fikiria mwili ukitumbukia humo. Dakika ya kwanza unahema ovyo, kifua kinabana, hata moyo unaweza kusimama. Ukipona hapo, ndani ya dakika 10 hivi mikono inakataa kukutii. Ukirushiwa kamba huwezi kuishika. Baadaye ndipo mwili mzima unapopoa na fahamu kupotea.

Mashua nyingi zilikuwa na nafasi, lakini waliomo waliogopa kuvamiwa na kupinduliwa. Ofisa Harold Lowe aliamua kurudi, ila alisubiri kwanza makelele yapungue. Aliwaopoa wanne tu wakiwa hai, na mmoja wao akafia mashuani. Usiku ule walikufa watu zaidi ya 1,500.

Mwaka 1914 mkataba wa kimataifa uliagiza meli ziwe na mashua za kumtosha kila mtu. Sawa. Lakini swali langu kwako msomaji: makelele yakiwa bado yanasikika, wewe ungerudi?