Anayefunzwa ni Nani? Hesba Stretton na Hadithi ya Jessica

Mwanafunzi wa fasihi wa sekondari anajua kwamba uhakiki wake haujakamilika mpaka aandike "ujumbe na mafunzo". Mazoea hayo yana faida, lakini yakikutana na kitabu kilichoandikwa makusudi ili kufunza hutupofusha: tunauokota ujumbe unaoelea juu, kisha tunafunga kitabu. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jessica's First Prayer, kitabu kidogo cha Hesba Stretton ambacho mara nyingi hutupwa katika fungu la hadithi za machozi zilizowafundisha watoto maskini wa Uingereza kusali na kutii. Ninavyokisoma mimi, mtoto aliyemo humo hafunzwi mengi. Anayepandishwa kizimbani ni mtu mzima mcha Mungu.

Jina Hesba Stretton ni la kubuni. Mwenyewe aliitwa Sarah Smith, aliyezaliwa mwaka 1832 katika mji wa Wellington, Shropshire, binti wa muuza vitabu wa madhehebu ya Methodisti. "Hesba" alilitunga kwa herufi za kwanza za majina yao watoto watano wa nyumba ile: Hannah, Elizabeth, Sarah, Benjamin na Anna, "Stretton" akalichukua kwenye kijiji cha All Stretton, katika eneo hilohilo. Wengi hawakumbuki kwamba shule yake ya uandishi haikuwa kanisa. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1859 katika Household Words, jarida la Charles Dickens, na mwaka 1866 alishirikiana na Dickens katika mkusanyo wa Mugby Junction. Kwa hiyo alipogeukia vitabu vya dini alikuwa tayari fundi aliyejua kumshika msomaji.

Mwaka huohuo wa 1866 kisa cha Jessica kilitoka kwa mfululizo katika gazeti la Sunday at Home, na mwaka 1867 Religious Tract Society, shirika lililokuwa likichapa vijitabu vya dini tangu 1799, likakitoa kama kitabu. Inakadiriwa kwamba ziliuzwa nakala zaidi ya milioni moja na nusu. Nyingi zilitolewa kama zawadi katika shule za Jumapili, na hapo ndipo sifa mbaya ilipoanzia: kitabu cha zawadi huchaguliwa na anayetoa, si anayesoma.

Tazama basi jinsi kisa kilivyopangwa. Daniel ana kibanda cha kahawa chini ya daraja la reli jijini London, anakohudumia vibarua alfajiri. Pia ni mtunza kanisa katika kanisa la matajiri, na hataki kabisa waumini wake wajue kwamba anauza kahawa mtaani. Jessica, mtoto wa mama mlevi, aliyezoea kuwa peku na kufukuzwa, anakuja kunusa kahawa. Siku moja senti ya Daniel inaanguka. Mtoto anaikanyaga kwa unyayo mtupu, anasita, kisha anamrudishia. Baadaye anamfuata hadi kanisani, na Daniel, yuleyule aliyempa kahawa kibandani, anataka kumtoa, kwa kuwa mahali hapo si pa watu wa namna yake. Wasomaji wa zama zile, waliolelewa na Biblia, hawakuhitaji kukumbushwa sura ya pili ya Waraka wa Yakobo, pale maskini mwenye mavazi machafu anapoambiwa asimame kando.

Sala inayotajwa katika jina la kitabu ni fupi mno. Pamoja na mengine, Jessica anamwomba Mungu amlipe Daniel kwa ile kahawa. Kejeli ya Stretton imo humo. Mtoto asiyejua dini anaamini kwamba wema una deni la kulipwa. Mtunza kanisa aliyesikia mahubiri miaka nenda miaka rudi amekuwa akiuhesabu wema wake kwa senti. Jessica anapougua na kutelekezwa na mama yake, Daniel ndiye anayekiri kwamba fedha imemtawala, kisha anamchukua kwake. Na Jessica hafi. Katika aina ya hadithi ambamo mtoto mwema alizoea kufa kitandani huku watu wakilia, huo si uamuzi mdogo.

Sitamtetea mwandishi kwa kila jambo. Mama yake Jessica hapewi nafasi ya kueleweka. Pombe inatosha kumhukumu, na hakuna anayeuliza mwanamke yule alilipwa nini na alilala wapi. Zaidi ya hayo, umaskini wa jiji zima unapata dawa katika moyo wa mtu mmoja aliyetubu. Mhakiki anayeona hapo udhaifu wa kiitikadi yuko sahihi.

Ila inaonekana Stretton hakuridhika na dawa hiyo. Uingereza ilikuwa na chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama tangu 1824. Mtoto wa London alikuwa hana chake. Mapema 1884 aliandika barua katika The Times kuhusu jambo hilo, na mwaka huo akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha London cha kuzuia ukatili kwa watoto, pamoja na mchungaji Benjamin Waugh. Mwaka 1889 Bunge likapitisha sheria iliyowezesha kumtoa mtoto mikononi mwa mzazi anayemtesa. Baada ya miaka mitano Stretton akajiuzulu, akipinga jinsi chama kilivyosimamia fedha zake. Aliyemuumba Daniel alibaki kuwa mkali kuhusu hesabu za watu wema.

Alifariki mwaka 1911. Katika kanisa la St Laurence, mjini Church Stretton, kuna dirisha dogo la vioo vya rangi la kumkumbuka. Aliyechorwa humo ni Jessica.