Kujinyima na Kujikana: Maagizo ya Kardinali Lavigerie Katika Nchi za Ziwa

Kujinyima na kujikana hudhaniwa kuwa neno moja, wala si moja. Kunyima ni kuzuia kitu, kukana ni kusema, "Simjui." Ajinyimaye huacha nyama au tumbako, naye hubaki bwana wa nafsi yake, ajikanaye humwondoa bwana huyo kitini. Kwa tofauti hii twapenda kuyapima maandiko ya Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika la Mapadre Weupe mwaka 1868.

Katika maagizo aliyowaandikia wamisionari wake wa maziwa makuu, tangu mwaka 1878, aliwataka wajifunze lugha ya wenyeji, na baada ya miezi sita waseme hiyo tu, hata wao kwa wao. Tena wasikae pungufu ya watatu. Naye mwenye kutaka ubatizo angoje miaka minne. Katika hayo kujinyima chakula ni jambo dogo. Kubwa ni msomi kukubali kusahihishwa na mtoto mchunga mbuzi.

Msafara wa kwanza ulifika Ujiji Januari 1879. Tarehe 4 Mei 1881 watu watatu wa misheni hiyo waliuawa Rumonge, pwani ya Urundi. Lakini si kila agizo lilizaa lililokusudiwa. Kanzu nyeupe na joho vilichaguliwa Algeria ili wafanane na wenyeji. Huku ziwani waliovaa kanzu walikuwa Waarabu na Waungwana wa Ujiji, wenye biashara ya watumwa. Vazi la kujishusha likawa vazi la wakubwa. Ndipo twaona ya kuwa kujikana hakunakiliwi kama mshono wa nguo.

Aliyeuonyesha moyo wa maagizo hayo vizuri ni Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa, akasomeshwa uganga Malta kwa mpango wa Lavigerie. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa huko hata alipofariki mwaka 1956. Lavigerie mwenyewe alikuwa amekufa tangu mwaka 1892. Maneno yake yaliishi katika mikono ya mtu yule.

Nasi tulio walimu katika nchi ya Waha, tuseme nini? Kumhubiria kujinyima mkulima wa Kibondo ambaye ghala yake i tupu ni kumdhihaki. Njaa imekwisha kumnyima. Mwenye kitu cha kuacha ni mwalimu. Afikapo Kasulu na Kiswahili chake safi, akamsikiliza bibi mzee aelezaye shida yake kwa Kiha, ni rahisi kutafuta mkalimani na kubaki mkubwa. Ni vigumu kukosea mbele ya watu, kuchekwa, na kuanza tena. Hata hivyo miezi sita ya kuchekwa si bei kubwa, ikiwa mwisho wake yule bibi atasema neno lake mwenyewe, nasi tutalielewa.